Mlipaji wa Alhamisi

Cheche alitoa siri ya mteja wa mke wake mbele ya watu wawili, saa nne asubuhi, jua limewaka, na alikuwa anacheka. Hakuwa amelewa. Hakuwa na ugomvi na mtu. Alikuwa anasifu.

Cheche ni jina la mtaani, kwa sababu ya kazi yake ya kuchomelea vyuma. Jina la kuzaliwa wanalijua mama yake na karani wa vitambulisho. Asubuhi ile karakanani, ubavuni mwa nyumba yake, walikuja watatu kuagiza geti: mwalimu mkuu wa shule mpya iliyo nyuma ya barabara kubwa, mhasibu wake, na mwenyekiti wa kamati ya wazazi, bwana mwenye kitambi na maswali. Walipatana haraka. Futi kumi na mbili, mabawa mawili, na kilango cha waenda kwa miguu. Cheche akafungua kitabu cha risiti, akachomoa kalamu nyuma ya sikio, akauliza jina. Mwalimu mkuu akataja majina yake matatu.

Kalamu ikasimama kwenye la pili. Lilikuwa jina la pekee, ukilikuta mara moja halikutoki, na Cheche alikuwa amelisoma kila Alhamisi kwa miezi saba.

Mke wake ni mshauri nasaha. Ana leseni, na kazi yake anaifanya mtandaoni, chumbani, mlango umefungwa, yeye upande huu wa kompyuta na mtu mwenye mzigo wake upande ule. Wateja hulipa kwa simu kabla ya kikao. Pesa hiyo iliingia kwenye laini ya Cheche, kwa sababu siku mkewe, mama wa binti yao, alipoanza kazi laini yake ilikuwa bado na jina la usichana ambalo halikufanana na la kitambulisho, na huduma ya pesa ikafungwa. Walikwenda kurekebisha, wakakuta foleni imefika barabarani, wakarudi. Wakasema kesho. Kesho hiyo ilikuwa imetimiza miaka miwili.

Kwa hiyo kila saa ilipokaribia kugonga, simu ilitetemeka kwenye mfuko wa shati chini ya aproni ya ngozi. Majina matatu, kiasi, saa. Cheche alizima mashine, akavua glavu, akamtumia mkewe neno moja: Imeingia. Hiyo tu ndiyo ilikuwa sehemu yake katika kazi ile, na aliipenda kuliko alivyoweza kusema. Mtu aliyeacha shule kabla hajajua kugawanya kwa tarakimu mbili, leo ni mlinda mlango wa msomi.

Na alikuwa mlinda mlango kweli. Chumba kile alikitengeneza kwa mkono wake. Alibandika trei za mayai ukuta mzima kuzuia sauti, juu mpaka chini, akapigilia kipande cha mpira wa gurudumu chini ya mlango. Ukisimama nje ungedhani ndani hamna mtu. Hakuwahi kusikia neno la mteja wala hakutaka. Majina yalipita mfukoni mwake naye akayaacha yapite, mpaka asubuhi ile.

"Rudisha pesa yako mfukoni, mkuu," alisema, uso wote meno. "Wewe si wa kudaiwa malipo ya kwanza. Alhamisi, saa kumi kasoro robo, inyeshe isinyeshe, yako imeshaingia hapa." Akajipiga mfuko wa shati. "Kwa mke wangu. Mtu anayelipa namna hiyo hawezi kunikimbia na geti."

Aliyejibu ni mwenyekiti wa kamati.

"Kwa mkeo? Mkeo si ndiye wanayemwita Daktari wa Maneno?"

Hapo ndipo Cheche alipojua alichofanya. Alitafuta pa kutokea, na cha kwanza kilichomjia kichwani ni zile trei ukutani. Akasema mkewe anauza na mayai pia. Mhasibu akacheka, akamwangalia bosi wake, akaacha kucheka. Mwalimu mkuu akahesabu noti zake, akazihesabu tena, akaziweka juu ya nondo, akachukua risiti yenye nusu ya jina lake. Hakuisubiri nusu ya pili.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Hawakutuambia tufanye nini siku kata ikianza kusema.

Mwalimu yule alikuwa na tatizo gani? Cheche hakujua, hajui mpaka leo, na hadithi hii nayo haitasema.

Hakumwambia mkewe. Alijipa sababu. Alisema moyoni labda wale wawili hawakuelewa, labda mwalimu mwenyewe hakujali, labda mayai yameaminika. Alhamisi ikafika. Saa kumi kasoro robo alizima mashine, akavua glavu, akasubiri. Simu ikalala mfukoni kama jiwe.

Mkewe akatoa kichwa mlangoni. "Haijaingia?"

"Bado."

"Si kawaida yake." Kisha akajikatiza kwa sababu hata hilo lilikuwa neno moja zaidi ya yale aliyokuwa na haki ya kuyasema. Akafunga mlango, akakaa mbele ya kompyuta saa nzima, tayari, kwa sababu ile saa ilikuwa ya mtu. Alhamisi ya pili ikawa hivyo hivyo. Siku hiyo Cheche alichomelea bawaba upande usio wake, akaikata, akaichomelea tena.

Barua ilikuja Jumatatu kwa baruapepe, kutoka Baraza la Washauri. Mama aliichapa, akaisoma amesimama kwenye mlango wa jikoni, kurasa mbili, polepole kama mtu anayepita juu ya vigae vilivyovunjika. Mashtaka yalikuwa mawili. La kwanza, kutoa siri ya mteja. La pili, kupokea malipo ya wateja kupitia simu ya mtu mwingine bila kuwaarifu. Nyuma walikuwa wameambatisha fomu yake mwenyewe ya makubaliano, ile ambayo kila mteja aliisoma na kuitia sahihi kabla ya kuanza. Kifungu cha nne kilikuwa kimepigiwa mstari. Alikuwa amekitunga yeye, na siku alipokitunga alimsomea mumewe kwa sauti, akijivuna: Hakuna mtu mwingine yeyote, wa nyumbani kwangu au wa nje, atakayejua kwamba wewe ni mteja wangu.

"Nani amesema?" aliuliza. Alikuwa anaiuliza karatasi.

"Mimi," alisema Cheche.

Akamwambia yote, geti na risiti na mayai. Alitegemea kelele. Kelele angeziweza, amezizoea, kazi yake ni kelele tupu. Mkewe alivuta kiti, akakaa, akanyoosha mkono.

"Nipe simu."

Alirudi nyuma kwenye jumbe zote za miaka miwili, moja moja, mpaka ya kwanza. Kwenye karatasi hakuandika jina hata moja, aliandika namba tu: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwa kila mmoja alimgeuzia mumewe kioo cha simu na kumuuliza kama anamkumbuka. Cheche aligundua kitu kilichomtia aibu. Aliwakumbuka wote. Alijua nani hulipa mapema na nani hulipa saa imeshagonga, nani aliongeza kidogo juu, nani alisimama miezi mitatu akarudi. Alikuwa amewahifadhi kama mtoto anavyohifadhi wachezaji wa timu.

"Umewahi kumtaja mwingine?"

"Sijawahi. Ila huyo mmoja."

"Huyo mmoja, au huyo ambaye umemkumbuka?"

Cheche akatafuta kichwani. Ndipo akakumbuka kinyozi. Mwaka jana, kichwa kikiwa na povu, alimwambia kinyozi kwamba mke wake anatibu hata rubani. Jina hakulitaja. Rubani tu. Mkewe akaandika: namba kumi na moja, kinyozi.

Walikuwa ishirini na watatu.

Jumapili akaja dada yake Cheche, karani wa mahakama, miaka kumi na tisa akibeba mafaili ya kesi za wengine. Kichwani mwake mna sheria nyingi kuliko mawakili wengi, na mdomo wake ni wa familia ile ile. Alisoma barua mara moja, akaikunja, akamwambia kaka yake kwamba siku ile angeuchomelea mdomo wake kwanza ndipo aende kwenye geti. Cheche akaongeza maji kwenye chai ambayo tayari ilikuwa maji.

Ushauri wake ulikuwa mfupi. Mlalamikaji ni mmoja. Jina lililotoka ni moja. Kwa hiyo Baraza liambiwe habari ya jina moja. Laini ya mume ilitumika kwa dharura, kwa mteja yule tu, mume akachungulia bila ruhusa. Hapo wifi yake atapewa onyo la maandishi, atatia sahihi, mambo yataisha. Alizijua kesi za namna hiyo, alikuwa amezipiga mihuri.

Cheche akarukia hilo neno. Alisema yeye yuko tayari kuitwa mwizi. Atasema alimwibia mkewe simu akiwa anaoga, akawatumia wateja namba yake mwenyewe. Atasema chochote. Yeye hana leseni ya kunyang'anywa, mashine haiulizi tabia ya anayeishika.

Mkewe aliwasikiliza wote wawili kwa ile subira yake ya kazini, ambayo nyumbani iliwaudhi watu kuliko matusi.

"Nikisema ni mmoja," alisema, "wale ishirini na wawili wataendelea kukaa wakidhani mlango umefungwa."

"Wifi, mbele ya sheria mtu hujibu alichoulizwa. Ukiongeza, unajishonea sanda."

"Mimi huwaambia watu waniambie ukweli. Wanalipia elfu tatu kwa saa moja, wananiambia. Sasa zamu yangu imefika, niseme nilikuwa bafuni?"

Dada mtu akaweka kikombe chini. Akasema wazi lile ambalo Cheche alikuwa analizunguka, kwamba binti yao yuko mwaka wa pili chuoni, anasomea uuguzi, na zaidi ya nusu ya ada yake inatoka chumba chenye trei za mayai.

"Huo ukweli wako utalipa ada?"

"Hautalipa. Atalipa baba yake."

Dada akamgeukia kaka yake, akamkagua kuanzia viatu vilivyotobolewa na cheche mpaka kofia. "Basi," alisema, "mtoto tumempoteza."

Walicheka, wote watatu, kicheko kibaya cha watu waliochoka. Kisha mama akainuka, akaenda kupanga kazi ya wiki.

Hakumpigia mtu simu. Hilo Cheche asingeliwaza, na ndipo alipoona tofauti ya kujua kitu na kukisomea. Simu ya mteja inaweza kupokewa na mke, mume, au mama mkwe, na ukishauliza "fulani yupo?" tayari umeshatoa siri ya pili ukitubu ya kwanza. Alisubiri kila mtu kwa saa yake. Waliokuwa bado kwenye vikao walikuwa kumi na wanane ukimtoa mwalimu mkuu. Wanne walikuwa wamemaliza zamani, hao aliwaandikia kupitia mtandao ule ule wa vikao, wenye neno la siri. Wiki nzima, mmoja baada ya mwingine, alikaa mbele ya kompyuta na kusema maneno yale yale, ambayo Cheche aliyajua kwa sababu aliyafanyia mazoezi jikoni.

"Jina lako lilionekana kwenye simu ya mume wangu. Tulichozungumza hakukisikia. Lakini jina aliliona, na mimi ndiye niliyeliacha lionekane. Una haki ya kuondoka, una haki ya kunishtaki, na pa kushtaki nitakuonyesha, wala sitakasirika."

Wiki hiyo hakutoza mtu. Malipo yalisimamishwa, simu ikazimwa na kuwekwa kabatini. Cheche alifanya kazi mfuko wa shati ukiwa mwepesi, akajikuta anaushika kila saa inapokaribia kugonga. Mlango wa chumba aliweza kuuona kutoka karakanani. Mkewe alitoka kila baada ya kikao, akanywa maji, akachora alama kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye friji. Mkwaju mmoja kwa aliyeondoka, duara kwa aliyebaki. Nani alikuwa nani, Cheche hakujua tena, na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili hakuwa na haki ya kujua.

Jumatano jioni mikwaju ilikuwa saba. Alhamisi asubuhi mama alitoka chumbani macho yamevimba, akachora duara.

Baraza lilikutana Jumanne saa tano asubuhi, nalo pia mtandaoni. Watu watatu kwenye kioo cha kompyuta, katikati mwenyekiti, mama mwenye miwani minene na sauti ya mtu asiyerudia. Pembeni kulikuwa na kisanduku cheusi kisicho na uso. Ndani yake alikuwamo mwalimu mkuu, naye alikuwa na haki ya kutoonekana.

Cheche aliambiwa akae nje mpaka aitwe. Alikuwa amevaa shati lake la kuendea arusi za watu. Alikaa kwenye stuli mbele ya mlango, na kwa kuwa chumba alikijenga vizuri, hakusikia kitu.

Alipoitwa aliambiwa kwanza ageuze kamera awaonyeshe chumba. Akazungusha kompyuta taratibu. Mjumbe mmoja, kijana mwenye tai, akauliza vile vitu vya ukutani ni nini. Cheche akasema ni trei za mayai. Kijana akauma mdomo asicheke. Akamuuliza kiwango chake cha elimu, kwa ajili ya kumbukumbu, na Cheche akasema aliacha shule ya msingi kabla ya mtihani, kijana akaandika kwa muda mrefu kuliko jibu lenyewe.

Mwenyekiti akauliza la maana. "Mkeo aliwahi kukwambia usisome jumbe za malipo?"

Hapa palikuwa na mlango. Angesema ndiyo, kosa lote lingekuwa lake. Dada yake alikuwa amemwambia hivyo hivyo. Akamtazama mkewe, ambaye hakumtazama.

"Hapana," alisema. "Aliniambia nimjulishe zikiingia. Nisingeweza kujua zimeingia bila kusoma. Ndivyo tulivyofanya kazi, miaka miwili. Mimi nilidhani kosa ni kusikiliza. Ndiyo maana nikaweka trei. Jina nililiona si kitu."

Akaomba aseme na kisanduku cheusi. Akaruhusiwa. Hakuwa na maneno yaliyopangwa. Alisema alikuwa anamsifu. Katika mtaa wao kumwambia mtu mbele ya wenzake kwamba hulipa kwa wakati ni heshima kubwa kuliko kumwita mheshimiwa, na ulimi ulimtangulia. Alisema hilo halipunguzi kitu, anamwambia tu ajue hakuchekwa. Akaomba radhi.

Mwenyekiti akainamia kioo kuangalia kama sauti ya kisanduku ipo. Kisha mwalimu mkuu akasema, taratibu, kwa Kiswahili cha darasani.

"Nilichagua mshauri wa mtandaoni ili nisije nikakutana na mtu anayenijua. Nilidhani yuko mji mwingine. Nilimkuta kwenye risiti ya geti."

Mwenyekiti akamgeukia mama. Akasema maelezo yake ya maandishi yanataja wateja ishirini na watatu. Mlalamikaji ni mmoja tu. Hao wengine hakuulizwa.

"Najua sikuulizwa."

"Unaelewa kwa kosa la mteja mmoja tungeweza kutoa onyo na kufunga faili?"

"Naelewa."

"Na bado umeandika."

"Kifungu cha nne sikumwandikia mmoja," alisema mama. "Niliwaandikia wote. Nimekivunja kwa wote. Mkinipa adhabu ya mmoja, mtakuwa mmenipunguzia deni ambalo si lenu."

Alisema hivyo mgongo umenyooka, mikono juu ya meza, nyuma yake ukuta wa trei za mayai, na Cheche aliyekuwa amesimama pembeni na shati la arusi za watu alihisi kifua kimejaa mpaka kola inambana. Alikuwa amejivunia mke wake miaka yote hiyo kwa sababu ya leseni, kwa sababu ya rubani, kwa sababu ya elfu zilizokuwa zinaingia. Aliona sasa kwamba alikuwa amejivunia ganda. Kijana mwenye tai aliacha kuandika. Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, na alipozungumza sauti ilikuwa ya chini kidogo, ingawa alichosema kilikuwa kile kile ambacho angekisema kwa vyovyote.

Wakasimamisha leseni miezi tisa.

Geti lilikuwa limekwisha. Shule ililihitaji, kwa sababu mbuzi wa mtaa walikuwa wanaingia madarasani. Aliyekuja kulikagua ni mwenyekiti wa kamati ya wazazi, safari hii peke yake, bila haraka. Alilisukuma bawa moja, akalisifia. Akasema mkuu ameomba uhamisho, amekubaliwa, anakwenda mbali. Akasema maneno mtaani ni mengi, ila hapa ndipo kwenye chanzo. Akasogea karibu, kitambi kikagusa nondo.

"Hivi, fundi, kati yetu wanaume. Alikuwa anaumwa nini hasa?"

Miezi miwili nyuma Cheche angesema kitu, hata kama ni uongo, hata kama ni mayai, kwa sababu kukaa kimya mbele ya mtu anayekuuliza kulimuwasha kama upele. Alishusha kinyago usoni.

"Geuza uso, mwenyekiti," alisema. "Moto huu unaharibu macho."

Akawasha. Hakuna kilichobaki cha kuchomelea. Alipitisha moto juu ya kiungo kilichokwisha shika, akakitia nguvu ya ziada ambayo hakuna aliyeilipia. Mwenyekiti alisimama mgongo umegeuzwa muda mrefu, akisubiri, kisha akaondoka.

Jioni hiyo mama alikuwa kwenye meza ya jikoni akifanya masomo ambayo Baraza lilimtaka ayarudie, ya kutunza taarifa za watu mtandaoni. Alimuuliza mumewe mwenyekiti alitaka nini. Cheche akasema alikuja kuangalia geti. Mkewe akamtazama kidogo juu ya daftari, akarudi kwenye masomo, na kona ya mdomo wake ikapanda. Cheche aliitunza kona hiyo.

Hesabu yake ni hii. Miezi tisa bila leseni. Mwalimu mkuu alirudishiwa malipo ya Alhamisi ishirini na tisa, yote. Shule yake hakurudishiwa. Binti alisimama chuoni muhula mmoja, akauosha mgongo wa bibi yake mgonjwa kwa mazoezi, akasema hajapoteza kitu, na alikuwa anadanganya. Mashine ndogo ya kuchomelea iliuzwa, ikabaki kubwa. Kinyozi aliombwa asahau rubani, akasema rubani yupi, na kwa hilo akapata mteja wa maisha. Kati ya wateja kumi na wanane waliokuwa kwenye vikao, kumi na mmoja waliondoka. Saba walisema watasubiri, na leseni iliporudi walikuja watano.

Kubadilisha jina kwenye laini ya mama kulichukua dakika arobaini, pamoja na foleni. Hawakutozwa kitu.